Usiguse Msasa Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuusoma na Kuutibu Ubao wa Mawimbi wa Zamani

Ubao wa kwanza wa zamani wa kuteleza juu ya mawimbi niliopewa kutengeneza niliuharibu. Ulikuwa wa futi tisa na nusu, umechakaa, umegeuka manjano kama karatasi ya gazeti la zamani, na mwenyewe alitaka urudi kuwa mweupe. Nikaibandua faiba yote, yaani ngozi ya nyuzi za kioo, nikapitisha mashine ya msasa juu ya povu la ndani. Karibu na uti wa mgongo, ule mti mwembamba wa katikati, yakatokea maandishi ya penseli: tarakimu chache na jina. Nilipoizima mashine, nusu ya jina ilishakuwa vumbi. Lilikuwa jina la fundi aliyeuchonga, na hakuna pengine popote lilipoandikwa.

Tangu siku hiyo sigusi msasa kabla sijausoma ubao. Nilikulia Tanga, baba yangu mdogo akichonga ngalawa kwa tezo, na sasa natengeneza mbao za mawimbi kusini mwa California. Kazi hizi mbili ni ndugu kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana hapa nitatumia maneno ya kwetu: omo ni mbele, tezi ni nyuma, kingo ni pembeni, pezi ni kile kisu cha chini kinachoushika ubao usiteleze upande. Huu ni mwongozo kwa mtu aliyeachiwa ubao wa zamani, au aliyeuona dukani kwa mtumba, akitaka kujua ni wa lini, umeundwaje, na jeraha lake lizibwe vipi.

Hatua ya kwanza: uache kama ulivyo

Usiukwangue nta, usiupake asetoni, usiukoshe kwa sabuni kali. Ulaze juu ya magodoro mawili au matairi yaliyofunikwa blanketi, mahali penye kivuli. Piga picha juu, chini, kingo zote mbili, omo na tezi, kisha piga tena jua likiwa limelala asubuhi au jioni, maana mwanga wa ubavuni huonyesha mabonde na viraka ambavyo mwanga wa utosini huvificha.

Pima urefu, upana wa sehemu pana kuliko zote, na unene. Mafundi wa mbao hizi wanahesabu kwa futi na inchi hadi leo, kwa hiyo andika hivyo, ukikumbuka kuwa futi moja ni sentimita 30.48. Andika pia ile sehemu pana iko umbali gani kutoka omo. Ubao ulioundwa upya hugunduliwa hapo mara nyingi.

Kisha uzito. Panda kwenye mizani ya nyumbani peke yako, halafu panda ukiwa umeukumbatia ubao, utoe. Namba hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango wa hatua inayofuata.

Hatua ya pili: ijue mbao iliyo ndani

Asili ya haya yote ni Hawaii. Wenyewe huuita mchezo heʻe nalu, na ubao papa heʻe nalu. Kulikuwa na paipo, mfupi, wa kulalia. Alaia, mwembamba, unene wa kidole gumba au pungufu. Na olo, mrefu na mnene, uliokuwa wa machifu. Miti waliyoitumia inanifurahisha kila nikiikumbuka kwa sababu yote ina jamaa zake pwani kwetu. Koa ni wa ukoo wa migunga. ʻUlu ni mshelisheli wenyewe. Wiliwili, mwepesi kuliko yote na uliopendwa kwa olo, ni wa jenasi moja na mwamba ngoma.

Mti haukukatwa hivihivi. Fundi alipeleka samaki mwekundu aitwaye kūmū, jamaa ya mkundaji, akamweka shinani, na mti ulipoanguka alichimba shimo kwenye mizizi akamzika humo kwa dua. Gogo lilipunguzwa kwa tezo la jiwe, likasuguliwa kwa matumbawe na mawe ya kukwaruza hadi alama za tezo zikafutika, kisha likapakwa rangi nyeusi iliyotokana na mizizi, magome au kokwa za mti wa kukui zilizochomwa, na mwisho mafuta ya kukui. Baada ya kutumiwa ubao ulikaushwa, ukapakwa mafuta ya nazi, ukafungwa kwa tapa, nguo ya magome ya mti, na kuning'inizwa ndani ya nyumba. Baba mdogo naye aliipaka ngalawa yake sifa, yaani mafuta ya papa, na asingekubali ilale juani bila kufunikwa makuti. Si ajabu. Wahawaii na walioleta ufundi wa matengo ya ngalawa Bahari ya Hindi wanatoka katika jamii moja kubwa ya mabaharia, Waaustronesia.

Jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu, lina olo za Chifu Pākī zenye urefu wa zaidi ya futi 14 na uzito wa karibu kilo 70. Humo pia mna alaia ya Binti Mfalme Kaʻiulani. Kama umeangukiwa na ubao wa aina hii, mweusi, bila pezi, uliochongwa kwa gogo moja, funga mwongozo huu na upigie simu jumba la makumbusho. Hiyo si kazi yako wala yangu.

Kinachowezekana zaidi ni ubao wa redwood, mti mkubwa mwekundu wa California. Mwaka 1885 vijana watatu wa ukoo wa kifalme wa Hawaii waliokuwa wakisoma California walichanishiwa mbao za redwood wakaingia nazo baharini kwenye mdomo wa mto San Lorenzo, Santa Cruz. Huo ndio mwanzo unaojulikana wa mchezo huu katika bara la Marekani. Kwa miongo iliyofuata mbao za redwood tupu zilikuwa ndizo zenyewe: bapa, omo ya duara, tezi ya mraba, kilo 30 hadi 45. Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki ya 1912, alipokwenda Sydney alijichongea wake kwa msonobari uitwao sugar pine, akauonyesha kiangazi cha 1914 kuingia 1915. Ungali umehifadhiwa kwenye klabu ya waokoaji ya Freshwater.

Ukigonga ubao ukasikia mwangwi kama wa ngoma, una uwazi ndani, na hapo umekutana na kazi ya Mmarekani Tom Blake au waliomfuata. Blake alizikarabati olo za Pākī katika miaka ya 1920, kisha akatengeneza nakala yake. Ili kupunguza uzito aliitoboa matundu mengi, akayaziba juu kwa mbao nyembamba. Baadaye akaacha kutoboa, akajenga kwa mataruma na ngozi ya mbao juu yake, kama mashua au bawa la ndege, akapata hataza mwaka 1932. Alama yake ya uhakika ni kizibo kidogo cha shaba juu ya ubao, cha kumwagia maji yaliyovuja. Kuvuja zilivuja zote.

Miaka ileile ya 1930, kampuni ya nyumba za kuunganisha huko Los Angeles, Pacific System Homes, iliunganisha vipande vya balsa, mti mwepesi sana, katikati na redwood pembeni, ikauza mbao za kiwandani. Baadhi zina alama ya swastika na jina hilohilo. Ukiiona usishtuke ukadhani ni mali ya Wanazi: wakati ule kampuni iliichukua kama alama ya bahati, na jina likaachwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Balsa yenyewe, kutoka Ekuador, ilitawala baada ya vita. Joe Quigg na Matt Kivlin walichonga mbao nyepesi za balsa zilizofunikwa faiba na rezini, gundi ya majimaji inayoganda, kwa ajili ya mawimbi ya Malibu, California, na uzito ukashuka hadi kilo 11 au 14. Bob Simmons, aliyesoma uhandisi, alikwenda mbali zaidi: aliweka povu la polistirini ndani, plaiwudi juu na chini, kingo za balsa. Sababu ya plaiwudi ile ikariri kichwani, utaihitaji kwenye matengenezo: rezini ya poliesta huyeyusha polistirini. Simmons alifia majini Windansea, California, mwaka 1954.

Jawabu lilipatikana kwenye povu la poliyurethani, ambalo rezini hailiyeyushi. Dave Sweet alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark walifanikiwa kulimimina katika kalibu huko Laguna Canyon kwa kiasi cha kuuza. Povu la miaka ile ya mwanzo lilikuwa na mashimo, kwa hiyo mbao nyingi zilifunikwa kwa rangi nzito ili viraka visionekane. Ukikuta ubao wa povu mzito, wa rangi moja isiyopitisha mwanga, pezi limegandishwa moja kwa moja, usikimbilie kusema rangi hiyo si ya asili. Huenda ndiyo iliyotoka nao dukani.

Clark alijitenga akaanzisha kiwanda chake, na kwa zaidi ya miaka 40 sehemu kubwa ya mafundi wa Marekani walichonga mapande yake ya povu. Tarehe 5 Desemba 2005 alifunga ghafla, na bei ya mapande yaliyobaki ikaruka.

Hatua ya tatu: soma pezi

Pezi ndiyo saa ya ubao. Kabla ya mwaka 1935, alipogandisha Blake mkuku mdogo wa boti chini ya ubao wake, hakuna pezi. Hata miaka ya 1940 wengi walikataa kuliweka.

Pezi moja pana lenye umbo la nusu mwezi, la mbao au faiba, lililogandishwa moja kwa moja karibu na mwisho wa tezi, linakupeleka miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Kadiri miaka ya 1960 ilivyosonga, pezi lilikonda likalala nyuma kama la pomboo. Visanduku vya kuchomekea mapezi ya kubadilisha vilianza kuonekana nusu ya pili ya muongo huo.

Mwaka 1967 mambo yalipinduka. Bob McTavish na wenzake wa Australia walifupisha mbao, na katika muda mfupi futi tisa zikawa saba. Mapezi mawili yalirudi kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1970 kupitia Mwaustralia Mark Richards. Mapezi matatu yaliyo sawa ni ya Simon Anderson wa Sydney, aliyeyachonga mwaka 1980 na kushinda nayo mashindano ya Bells Beach, Australia, mwaka 1981. Muuzaji akikuambia ubao wa mapezi matatu yaliyo sawa ni wa mwaka 1972, ama amekosea ama mapezi yameongezwa.

Kuna na kamba ya mguuni. Ilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo ubao wa kabla ya hapo haukutoka kwa fundi ukiwa na tundu lake. Nimeona mengi yaliyotobolewa baadaye kwenye pezi lenyewe, kwa drili, bila hata kulainishwa. Wengine huyaziba. Mimi huyaacha, kwa sababu tundu lile linaeleza ubao ulikuwa bado baharini miaka kumi baada ya kuzaliwa.

Hatua ya nne: soma ngozi

Chukua tochi uilaze juu ya faiba. Volani, aina ya kitambaa cha faiba kilichotumika sana miaka ya 1960, kina ukijani kidogo kama kioo cha dirisha kikitazamwa ubavuni, hasa pale tabaka zinapopandana. Tafuta mstari wa mpandano kwenye kingo: fundi mzuri aliukata ukanyooka kama uzi.

Halafu fuata uti wa mgongo, ule mti mwembamba unaopita katikati ya povu kutoka omo hadi tezi. Kando yake, mara nyingi chini karibu na pezi, ndipo penye namba na jina kwa penseli. Kama rezini imefifia, lowesha kidole kwa maji safi upitishe: maandishi hujitokeza kwa sekunde chache. Uwe na kamera tayari.

Jihadhari na mtego mmoja. Kati ya 1967 na 1970 vijana wengi walizivua mbao zao ndefu faiba, wakalikata povu, wakachonga fupi nyumbani. Ubao wa namna hiyo una povu la mwaka 1964 na umbo la mwaka 1969. Uti wa mgongo mnene kupita kiasi kwa ubao mfupi, na faiba iliyopakwa kwa mkono usio na uzoefu, ndizo dalili. Wakusanyaji huzidharau, nami naona wanakosea, maana hizo ndizo zinazoonyesha mapinduzi yale yalivyofanyika kwenye gereji za watu wa kawaida.

Hatua ya tano: kausha

Sasa jeraha. Ufa wowote unaopitisha maji ni lazima ukaushwe kabla ya kuzibwa, la sivyo umeifungia chumvi ndani. Suuza nje kwa maji baridi, futa, egemeza ubao jeraha likitazama chini, kivulini penye upepo. Usiuanike juani. Balsa hupasuka, povu hutoa gesi na faiba hubanduka ikavimba kama lengelenge.

Utajuaje umekauka? Rudi kwenye mizani. Pima kila baada ya siku mbili tatu, na namba ikiacha kushuka mara tatu mfululizo, umekauka. Ubao wa balsa uliokunywa sana unaweza kuchukua miezi. Subiri.

Hatua ya sita: jua povu lako, andaa dawa

Chukua chembe za povu kutoka ndani ya jeraha, uzidondoshee asetoni kwenye kipande cha kioo. Zikiyeyuka, ni polistirini: tumia rezini ya epoksi tu. Zikibaki, ni poliyurethani: poliesta au epoksi zote zitafaa. Kumbuka epoksi hushika juu ya poliesta, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo ukianza na epoksi umalize nayo.

Kwa poliesta, hadina, yaani dawa ya kuigandisha rezini, ni asilimia 1 hadi 2: gramu 1 au 2 kwa gramu 100 za rezini, pungufu siku ya joto. Mafundi wa bodi za magari kwetu hukadiria kwa jicho, na kwenye bampa hakuna hasara. Hapa tumia mizani ndogo. Rezini nyingi iliyorundikana kwenye shimo huchemka yenyewe ikababua povu likawa la kahawia.

Hadina ikikurukia jichoni inaweza kukupofua, kwa hiyo miwani ya kukinga si hiari. Kama rezini yako inahitaji kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, usiichanganye kobalti moja kwa moja na hadina: hulipuka. Vaa glavu, na barakoa yenye vichujio vya mvuke, si ya kitambaa.

Hatua ya saba: ziba

Kata faiba iliyovunjika tu. Ile iliyoshika iache, hata kama ina nyufa za nywele. Zungushia tepu ya karatasi sentimita tatu kutoka ukingo wa jeraha, na ndani ya mpaka huo ndipo sasa unapoishika msasa, namba 80, ukiulainisha ukingo ushuke kama mteremko.

Shimo dogo lijaze rezini iliyokorezwa kwa nyuzi za pamba hadi iwe kama ugali laini. Shimo kubwa lijazwe kipande cha povu la uzito uleule, kilichochongwa kuingia bila kulazimishwa. Kwa balsa weka balsa, nyuzi zake zikifuata mwelekeo wa nyuzi za ubao, kama fundi wa jahazi anavyotia kiraka cha ubao kabla ya kalafati. Kiraka chenye nyuzi zilizokatiza kitavimba tofauti na wenzake na kupasua ukingo mwaka wa pili.

Juu weka vitambaa viwili vya faiba: kidogo kinachofunika shimo, kisha kikubwa kinachofika karibu na tepu. Loweka, kamua kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda nje mpaka weupe wa hewa uishe. Kikishaganda lakini bado kina unato, paka koti la rezini yenye nta. Nta hupanda juu na kuacha uso mkavu unaosugulika.

Rangi ndiyo sehemu inayonichukua muda kuliko zote. Kiraka cheupe juu ya ubao wa miaka 60 kinapiga kelele. Weka tone la rangi ya manjano na nukta ya kahawia ndani ya rezini, ujaribu kwanza juu ya kioo kilichowekwa kando ya ubao, mchana, nje. Lenga kukaribia tu, na usiupake ubao mzima ili kukificha kiraka.

Msasa namba 120, kisha 220, kisha 400 na 600 kwa maji, kwa mkono, ukikizungushia kipande cha mbao laini. Maliza kwa polishi ya magari. Usivuke mpaka wa tepu.

Hatua ya nane: mahali pa kuuweka

Ulaze mlalo juu ya vishikizo viwili vipana vyenye kitambaa, mbali na dirisha na mbali na paa la bati. Usiuache ndani ya gari. Ubao wa mbao tupu, usio na faiba, upakwe mafuta mara moja kwa mwaka na kuachwa upumue.

Jambo la mwisho hufanyika kabla hujaweka kitambaa cha faiba, kwa hiyo lirudishe nyuma hadi hatua ya saba. Chukua penseli laini uandike juu ya kiraka, kwa herufi ndogo: mwezi, mwaka, aina ya rezini na herufi za jina lako. Kalamu ya wino husambaa kwenye rezini, penseli hukaa. Mimi sasa huandika hivyo kwenye kila ubao, na upande wa pili hunakili lolote nililolisoma kwenye uti wa mgongo, hata kama ni nusu ya jina.